Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: nyumba za wazee wetu zinahamishwa wao wakiwa ndani

Kwa:
Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Dodoma.

Nakala: Kamishna wa Ardhi, Msajili wa Hati, Makamishna wa Ardhi Wasaidizi wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa.

YAH: NYUMBA ZA FAMILIA KUHAMISHWA MILKI KWA HATI ZA UWAKILISHI BILA WENYEWE KUJUA

Mheshimiwa Waziri,

Tunakusalimu kwa heshima. Sisi ni wasaidizi wa kisheria wa kujitolea katika kata za Mbeya, Rungwe na Iringa. Kazi yetu kubwa ni kukaa na watu kwenye mabenchi ya ofisi za kata, kuwasomea makaratasi waliyoletewa na kuwaandikia barua za kwenda nazo mbele. Suala hili tulilianza kimyakimya, kama inavyostahili. Ofisi moja ya ardhi katika ukanda huu tumeiandikia mara tatu. Nakala zetu ziligongwa muhuri wa kupokelewa, majibu hayakuja. Mara ya nne tulikwenda wenyewe, tukaambiwa yanasubiriwa maelekezo kutoka juu. Basi tunaandika huko juu, na tunaandika hadharani. Ofisi yenyewe hatuitaji, maana hata afisa mwadilifu kabisa akikaa kwenye kile kiti, kwa utaratibu uliopo, atahamisha nyumba ya mzee bila kujua. Anahakiki karatasi. Mwenye nyumba hahakikiwi na mtu.

Hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya mwenye mali kumruhusu mtu mwingine asaini kwa niaba yake, ambayo mtaani wengi wanaiita nguvu ya kisheria, ina kazi zake halali. Mtu yuko Muscat, kiwanja chake kiko Iwambi. Bibi wa Kyela hawezi tena safari ya kwenda na kurudi ofisini. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334, inaitambua, na ikishaingia kwenye kumbukumbu za Msajili, sahihi ya mwakilishi inabeba uzito uleule wa sahihi ya mwenye mali. Hatuombi ifutwe.

Tunachokiona ni hiki. Mzee ana nyumba Uyole au Kihesa, hati iko kwa jina lake. Mtoto, mpwa au mkwe anajitolea kumfuatilia deni la pango la ardhi. "Baba, weka sahihi hapa nikushughulikie pango lako." Karatasi ni nne au tano, zote Kiingereza, wakati mzee mwenyewe Kiswahili ni lugha yake ya pili baada ya Kisafwa au Kihehe. Aya za mwanzo zinazungumzia kulipa pango, kukusanya kodi kwa wapangaji, kufuatilia umeme na maji. Kuuza, kutoa zawadi na kuweka rehani vimechomekwa aya ya saba au ya nane, katikati ya sentensi yenye mistari kumi. Mtu akimfasiria mzee aya tatu za kwanza tu, atakuwa hajamdanganya neno hata moja, na nyumba imeshaondoka.

Baada ya hapo mambo yanakwenda kwa mpangilio. Hati ya uwakilishi inasajiliwa. Unaandikwa mkataba wa mauziano. Mwakilishi anasaini Fomu Namba 29 ya taarifa ya uhamisho, Fomu Namba 30 ya maombi ya kibali na Fomu Namba 35 ya uhamisho wenyewe. Mthamini anafika, mzee akiuliza, anaambiwa ni wa pango. Inalipwa kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Rejesta inabadilika jina. Mzee hajahama hata siku moja, bado anapalilia mahindi yake nyuma ya nyumba. Anakuja kujua dalali anapoleta mteja kuangalia vyumba, au benki inapodai mkopo ambao yeye hajauona. Notisi ya siku 60 inayotakiwa kabla ya benki kuuza nyumba hutumwa kwa aliyeweka rehani, na kwa wakati huo aliyeweka rehani ni mmiliki mpya. Mzee hayumo hata kwenye orodha ya wanaoandikiwa.

Mheshimiwa, malalamiko yetu ni haya.

1. Ushuhuda wa sahihi haukaguliwi. Kifungu cha 8 cha sheria inayowahusu makamishna wa viapo, yaani wale, wengi wao mawakili, wanaoshuhudia viapo na sahihi, Sura ya 12, kinamtaka kamishna aandike jina lake na aseme kweli ni mahali gani na tarehe gani kiapo kimeapwa mbele yake. Hicho ni kile kipande kidogo mwishoni mwa ukurasa, ambacho wengi hawakisomi. Kisome. Utakuta neno "Mbeya" limechapwa tangu mwanzo, tarehe imejazwa kwa kalamu ya bluu, sahihi ya mzee ni ya kalamu nyeusi, na siku yenyewe mzee alikuwa amelazwa wilaya nyingine. Panapoandikwa jinsi kamishna alivyomtambua mtoa hati, pameandikwa kwamba ametambulishwa na fulani, na huyo fulani ndiye anayepewa uwakilishi. Yaani anayenufaika ndiye aliyemtambulisha anayepoteza.

Dole gumba ndilo linalotuumiza zaidi. Mtu asiyejua kusoma akiweka dole, lazima pawe na maneno yanayoonyesha kwamba alisomewa, kwa lugha gani, nani alimfasiria, na kwamba alielewa kabla ya kuweka. Hati nyingi zinazoletwa kwetu hazina hata mstari mmoja wa namna hiyo. Lipo dole la wino wa zambarau, limevutwa pembeni kama vile mkono ulishikwa, na chini yake muhuri mzuri wa duara.

Kuna hakiki mbili zisizogharimu kitu. Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zihesabu, kisha zilinganishe na umri wa mzee. Tumeona hati ya kikongwe yenye namba inayoanza na 1979. Na jina la wakili linaangaliwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, dakika mbili, kuona kama yupo na kama ana leseni hai. Vyote viwili vinaweza kufanywa na karani wa mapokezi.

2. Mwakilishi anajihamishia mwenyewe. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na kwa maoni yetu ndilo rahisi kuliko yote kuzuiwa. Fomu 35 inakuwa na jina moja pande zote mbili: upande wa mtoaji, fulani "kwa niaba ya" mzee, upande wa mpokeaji, fulani yuleyule. Wenye akili zaidi wanapitishia kwa mke, shemeji au rafiki, halafu baada ya miezi michache nyumba inarudi. Bei inaandikwa shilingi milioni 20 kwa nyumba ambayo hata kiwanja chake kitupu kinazidi hapo, au haiandikwi bei kabisa, linawekwa neno kwamba ni kwa sababu ya upendo wa kifamilia. Upendo wa nani kwa nani, wakati anayesaini kutoa na anayesaini kupokea ni mtu mmoja?

Sheria haiko kimya hapa. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inamruhusu aliyemtuma wakala akatae muamala ambao wakala aliufanya kwa faida yake binafsi bila ridhaa, pale mambo ya msingi yalipofichwa au muamala ulipomwumiza. Tena hati ya uwakilishi husomwa kwa kubana: aliyepewa ruhusa ya kusimamia na kuuza hajapewa ruhusa ya kugawa bure. Lakini haki hiyo mzee anaweza kuidai baada tu ya kujua, na kujua kwenyewe kunachelewa miaka.

3. Idhini ya mwenzi inaapwa na mwakilishi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka anayepokea nyumba aulize kama mwenzi ameridhia. Kwa vitendo, linaletwa karatasi la kiapo kwamba mwenye nyumba hana mke, au ni mjane. Nani ameapa? Mwakilishi. Ameapa kuhusu ndoa ya mtu mwingine, na anayetajwa kuwa hayupo yuko jikoni anachochea moto. Kwenye familia zenye mama wawili hali ni mbaya zaidi, maana mama mdogo anafutwa kwa sentensi moja.

4. Hati inaendelea kutumika baada ya kifo. Kwa sheria zetu za mikataba, uwakala unakoma aliyeutoa akifariki au akipoteza akili timamu. Akifariki, mlango uliobaki ni mirathi: kikao cha ukoo, Mahakama, msimamizi wa mirathi. Akili ikipotea, mahakama ndiyo inayoweza kumweka mtu wa kusimamia mali zake chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Lakini kati ya siku ya mazishi na siku mirathi inapofunguliwa pana wiki, mara nyingi miezi, na dirishani hakuna anayeuliza kama mtoa hati yu hai. Watu wako matanga, mmoja wao yuko mjini na bahasha. Wengine husaini baada ya msiba na kurudisha tarehe nyuma.

Kwa wenye ugonjwa wa kusahau, sumu ni ileile. Mzee asiyemkumbuka mjukuu wake asubuhi hawezi kutoa madaraka ya kuuza nyumba mchana, na hata hati aliyoitoa akiwa mzima haimpi mwakilishi uwezo wa kuendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Familia nyingi hazilijui hili, hata zile zenye nia njema. Zinachukua hati ya uwakilishi kwa sababu mzee ameanza kusahau, wakati kusahau huko ndiko kunakoibatilisha.

5. Hati inayodaiwa kupotea. Mzee mwangalifu anafungia hati yake ya nyumba sandukuni. Mwakilishi anaapa kuwa imepotea, anachukua ripoti ya polisi, anaomba nakala mpya. Sheria inataka tangazo kwenye Gazeti la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mheshimiwa, ni mzee gani wa Tukuyu anayesoma Gazeti la Serikali? Hati halisi iko uvunguni mwa kitanda, nayo imekwisha kufa.

6. Nyumba zisizo na hati. Sehemu kubwa ya makazi yetu hapa ni mauziano ya kuandikishana ofisi ya mtaa. Huko hati ya uwakilishi inapelekwa kwa mwenyekiti, anagonga muhuri, yamekwisha. Kwenye ardhi ya kijiji kibali cha Halmashauri ya Kijiji ni lazima, lakini muhtasari wa kikao huandikwa baadaye ili ufanane na mkataba. Hili linahitaji waraka kutoka TAMISEMI. Tunalitaja lisije likasahauliwa, kwa sababu mkibana ofisi za hati pekee, wajanja watahamia huku.

Tunajua tutakavyojibiwa, kwa sababu tumeshajibiwa hivyo mezani.

Kwamba huo ni ugomvi wa kifamilia. Wizi wa ng'ombe nao mara nyingi hufanywa na ndugu, na polisi hawauiti ugomvi wa kifamilia. Kanuni ya Adhabu, Sura 16, inaitaja kughushi hati ya uwakilishi pamoja na kughushi wosia na hati ya ardhi, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Bunge halikuliona kuwa jambo la kusuluhishana jioni kwa mchungaji.

Kwamba hati ilishuhudiwa na wakili, ofisi haina la kuongeza. Tumeonyesha hapo juu ushuhuda wenyewe unavyokuwa.

Kwamba mwenye malalamiko aende mahakamani. Ataanzia wapi? Baraza la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linaweza kumsikiliza, lakini akitaka Msajili awe sehemu ya shauri, hiyo ni kesi dhidi ya Serikali: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na kesi iende Mahakama Kuu. Ndani ya siku 90 nyumba inaweza kuuzwa mara mbili na kuwekwa rehani mara moja. Ipo njia ya kuomba amri ya dharura kabla ya siku hizo kwisha, ila inahitaji wakili, na wakili anahitaji fedha ambazo mzee alikuwa akizipata kwa wapangaji waliokwisha kuambiwa wamlipe mtu mwingine.

Kwamba uhakiki utachelewesha huduma na kuwasumbua walioko nje ya nchi. Walioko nje tayari huwa wanakwenda ubalozini kusaini. Hawatasumbuka zaidi ya hapo. Na anayeuza nyumba yake kihalali hatakasirika kuulizwa kama kweli anaiuza.

Tunachoomba, kwa mpangilio wa umuhimu kama tunavyouona sisi:

(a) Hati yoyote ya uwakilishi yenye madaraka ya kuuza, kugawa au kuweka rehani isisajiliwe mpaka afisa wa ardhi aonane ana kwa ana na mwenye nyumba, mwakilishi akiwa nje ya chumba. Asiyeweza kutembea afuatwe kwake, afisa akiongozana na mtendaji wa kata. Maswali matatu yanatosha: Karatasi hii inaruhusu nini? Fedha zikipatikana zinakwenda wapi? Wewe utalala wapi? Majibu yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe.

(b) Mwakilishi asiruhusiwe kujihamishia nyumba, wala kuihamishia kwa mwenzi wake, wazazi, watoto au ndugu zake, wala kwa kampuni anayoimiliki, isipokuwa mwenye nyumba asaini Fomu 35 kwa mkono wake mbele ya Msajili. Hili linaweza kuanza kwa waraka wa ndani, bila kusubiri Bunge.

(c) Itolewe fomu moja ya Kiswahili. Kila daraka liwe kwenye mstari wake, na mtoa hati asaini mbele ya kila mstari anaoukubali. Iwe na namba ya kiwanja na kitalu, ukomo wa miezi 12, na nafasi ya kumtaja mfasiri na lugha iliyotumika.

(d) Ombi lolote juu ya hati ya nyumba, likiwemo la nakala mpya, limtumie mwenyewe ujumbe kwenye simu yake, na namba hiyo isiweze kubadilishwa na mwakilishi. Tangazo libandikwe siku 30 kwenye ofisi ya mtaa na ya kata. Gazeti la Serikali liendelee, lakini lisiwe peke yake.

(e) Kiapo cha hali ya ndoa kisipokelewe kutoka kwa mwakilishi. Aape mwenye nyumba, na mtendaji wa mtaa athibitishe nani anaishi ndani.

(f) Wenye umri wa miaka 60 na kuendelea waweze kuweka zuio, maarufu kama kaveti, na kutengua hati za uwakilishi, bila malipo, kupitia ofisi ya kata. Leo mzee anaweza kumwambia mwanawe mbele ya ukoo mzima kwamba amemnyang'anya madaraka, na rejesta isijue, kwa sababu utenguzi haujapelekwa kwa Msajili kwa maandishi. Tunawaeleza kila siku: andika, saini mbele ya kamishna wa viapo, nakala moja kwa mwakilishi kwa kusainiwa kuwa ameipokea, nyingine kwa Msajili, kisha baada ya wiki mbili fanya upekuzi wa rejesta uone kama imeingia. Wengi wanaishia kwenye hatua ya pili, nauli imekwisha.

(g) Kwa mikoa minne tuliyoitaja, uhamisho wote uliofanywa kwa hati ya uwakilishi ambapo mpokeaji ni mwakilishi mwenyewe, au ambapo hakuna bei, uchambuliwe upya, na wenye nyumba wa mwanzo wafuatwe majumbani mwao wangali hai. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Kwa wengine umebaki mchache.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60. Tuko tayari kuja Dodoma na mafaili, wenyewe wakiridhia, au kumpokea afisa wako hapa na kuzunguka naye Uyole, Tukuyu na Ipogolo. Aje na koti, na akija aombe kuonyeshwa ile aya ya saba.

Tunawasilisha.

Wasaidizi wa kisheria wa kujitolea,
Mbeya, Rungwe na Iringa.